Mlo wa jioni na mbwa wa ulinzi: Saa ya kula inavyoweza kumuua au kumwokoa

NI saa 1:00 usiku katika mtaa mmojawapo wa jiji. Lango limefungwa, taa za ukutani zimewashwa, na msaidizi wa nyumbani anatoka jikoni akiwa na sufuria la ugali uliochanganywa na dagaa pamoja na mabaki ya chakula cha mchana.

Mbwa aliyeshinda bandani tangu alfajiri bila kutia kitu mdomoni anaumaliza mlo huo kwa dakika mbili. Anakunywa bakuli zima la maji, kisha mlango wa banda unafunguliwa na kazi yake inaanza: kukimbia kutoka pembe moja ya ua hadi nyingine, kubweka na kuurukia ukuta kila mpita njia anapokatiza.

Saa chache baadaye, mlinzi anabisha hodi dirishani.

"Mzee, samahani kwa kukuamsha. Simba hatulii. Anataka kutapika lakini hatoi kitu, na tumbo limemjaa kama ngoma."

"Hao watakuwa wamemtupia sumu," mwenye nyumba anajibu. "Mpe maziwa. Asubuhi tutamwita daktari."

Kunapopambazuka, mbwa amekwisha kufa.

Matukio ya aina hii si mageni kwa wanaofuga mbwa wakubwa mijini, na mara nyingi hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi. Jirani aliyewahi kulalamikia kelele za mbwa huanza kutazamwa kwa jicho baya. Mlinzi naye huulizwa alikuwa wapi wakati sumu ikitupwa ndani ya ua, na wakati mwingine hupoteza kazi.

Ni kweli kwamba wahalifu huwatilia mbwa sumu, na hatari hiyo haipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, upo ugonjwa mwingine unaoweza kumuua mbwa mkubwa mwenye afya njema katika muda wa saa chache bila mtu yeyote kumtilia kitu. Ugonjwa huo ni kuvimba na kujipinda kwa mfuko wa chakula, na sehemu ya chanzo chake huweza kuwa ndani ya sufuria lile lile la jioni.

Mfuko unaojipinda

Mfuko wa chakula wa mbwa umeshikizwa pande mbili. Upande mmoja umeungana na umio, yaani njia inayoleta chakula kutoka mdomoni, na upande wa pili umeungana na utumbo. Katikati ya ncha hizo mbili mfuko huning'inia mithili ya bembea, ukiwa umeshikiliwa na kano laini zinazoweza kuvutika.

Mbwa anapobugia chakula kingi kwa pupa, humeza pia hewa nyingi. Mfuko hutanuka, huwa mzito, na kano zinazoushikilia huvutika. Gesi ikizidi na kukosa njia ya kutokea, mfuko huendelea kuvimba. Na katika hali hiyo unaweza kuzunguka na kujipinda kama mdomo wa gunia unaposokotwa.

Mfuko ukishajipinda, njia zote mbili huzibika. Mbwa hawezi kutapika wala kucheua, na gesi haiwezi kupita kuelekea kwenye utumbo. Mfuko uliojaa huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka sehemu ya nyuma ya mwili, na hapo moyo huanza kukosa damu ya kusukuma.

Kuanzia hapo mambo huenda kwa kasi. Kuta za mfuko hukosa damu na kuanza kufa. Bandama, ambayo iko jirani na mfuko huo, huweza kuburutwa na kujipinda pamoja nao. Mapigo ya moyo huvurugika, shinikizo la damu huporomoka, na mbwa asipopata tiba kwa kawaida hufa.

Watazamaji wa sinema huenda wakakumbuka habari ya mbwa aitwaye Marley, aliyeelezwa na mwandishi wa Marekani, John Grogan, katika kitabu cha mwaka 2005 kilichotengenezewa filamu mwaka 2008. Mbwa huyo wa aina ya Labrador alipatwa na tatizo hilo hilo. Mara ya kwanza alinusurika. Liliporudi mara ya pili hakupona.

Ni mbwa gani walio hatarini zaidi?

Ugonjwa huu huwapata hasa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kwenda chini na chembamba upande kwa upande. Aina ya Great Dane ndiyo inayotajwa zaidi. Wengine ni Weimaraner, Saint Bernard, Doberman na mbwa wa Kijerumani wa kuchungia, maarufu kama German Shepherd, ambaye ni miongoni mwa mbwa wanaopendwa sana kwa ulinzi katika miji ya Afrika Mashariki.

Mbwa wa kienyeji mwenye umbo dogo na jembamba hupatwa na tatizo hili kwa nadra, ijapokuwa hakuna mbwa anayeweza kusemwa kuwa yuko salama kabisa. Waliochanganya damu na aina kubwa, kama walivyo mbwa wengi wa majumbani, wahesabiwe kulingana na umbo lao: kadiri kifua kilivyo kirefu, ndivyo tahadhari inavyopasa kuongezwa.

Umri nao huchangia. Mbwa mzee yuko hatarini zaidi kuliko kijana, na mbwa ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja aliwahi kuugua yuko hatarini zaidi kuliko asiye na historia hiyo. Kwa sababu hiyo, anayenunua mtoto wa mbwa wa aina kubwa anafanya jambo la busara akimwuliza muuzaji wazazi wake walikufa kwa maradhi gani.

Je, kukimbia baada ya kula ndiko kunakoua?

Ushauri wa kutomkimbiza mbwa baada ya mlo ni wa miaka mingi, na madaktari wa mifugo wanaendelea kuutoa. Lakini msomaji anastahili kujua uzito wa ushahidi uliopo, kwa kuwa utafiti umeonyesha kwamba saa ya mazoezi ni sehemu moja tu ya habari hii.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwafuatilia mbwa zaidi ya 1,600 wa aina 11 kubwa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Mambo yaliyojitokeza kuongeza hatari yalikuwa umri mkubwa, kuwa na ndugu wa karibu aliyewahi kuugua, kula kwa haraka, na kulishwa kwenye chombo kilichoinuliwa juu kutoka ardhini.

Kazi nyingine ya kundi hilo la watafiti ilionyesha kuwa kiasi cha chakula katika mlo mmoja kina uzito wake. Mbwa aliyepewa chakula chote cha siku kwa mkupuo mmoja alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyegawiwa sehemu ndogo ndogo.

Kuhusu mazoezi, matokeo hayafanani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliotegemea majibu ya wafugaji kwa njia ya intaneti, haukuona kwamba mbwa waliocheza na wenzao au kukimbia kando ya uzio baada ya kula waliugua zaidi. Walionekana hata kuugua kidogo zaidi kuliko wengine. Uchunguzi wa namna hiyo hutegemea kumbukumbu za wenye mbwa, hivyo hautoshi kuwa ruhusa ya kumkimbiza mnyama aliyeshiba.

Kinachoeleweka ni kwamba mbwa anapokimbia kwa nguvu, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli na kazi ya kusaga chakula hupungua. Aidha, mbwa anayehema kwa nguvu humeza hewa zaidi, na mfuko mzito ulioning'inia huyumbayumba anaporuka na kugeuka ghafla. Kusubiri hakugharimu chochote, ndiyo maana ushauri huo umedumu.

Hoja kuu, kwa hiyo, ni hii: mlo mmoja mkubwa, unaoliwa kwa pupa, mara tu kabla ya usiku wa kukimbia, unakusanya mambo kadhaa ya hatari kwa wakati mmoja. Kubadili saa peke yake ni vizuri. Kubadili saa, kiasi na kasi kwa pamoja ni vizuri zaidi.

Imani ya mbwa mwenye njaa

Wafugaji wengi hutetea mlo mmoja wa jioni kwa hoja kwamba mbwa aliyeshiba hulala, na kwamba mbwa mwenye njaa ndiye mkali. Hoja hiyo inajipinga yenyewe, kwa sababu mlo huo mmoja ndio unaomshibisha kupita kiasi katika saa ile ile anayotakiwa kuwa macho.

Njaa ya mchana kutwa ndiyo inayomfanya abugie chakula bila kutafuna. Vilevile humfanya awe mwepesi wa kuokota kipande cha nyama kinachorushwa juu ya ukuta. Anayehofia sumu ya wezi ana sababu moja zaidi ya kumlisha mbwa wake mapema na kwa kipimo.

Ratiba inayofaa

Kwa mbwa mkubwa aliyekomaa, chakula cha siku kigawanywe angalau mara mbili bila kuongeza jumla yake. Kama alikuwa akila sufuria moja jioni, sasa ale nusu asubuhi na nusu alasiri. Watoto wa mbwa wanahitaji milo mitatu au minne midogo.

Kanuni ya muda ni nyepesi kukumbuka. Baada ya kula, mbwa mkubwa apumzike angalau saa 2 kabla ya kukimbia, kuruka au kufanya mafunzo. Baada ya mazoezi, asilishwe hadi pumzi yake irudi katika hali ya kawaida, jambo linaloweza kuchukua nusu saa hadi saa 1. Kumtembeza polepole kwa kamba ili akajisaidie hakuna madhara.

Kwa mbwa wa ulinzi anayefunguliwa saa 1:00 usiku, mlo wa pili unaweza kutolewa saa 10:30 jioni, wakati bado yuko bandani. Asubuhi, akirudishwa bandani saa 12:00, aachwe atulie, apewe maji kidogo kidogo, kisha ale saa 1:00. Kwa njia hiyo, saa zake za mbio haziko karibu na mlo wowote.

Ikiwa jioni hakuna mtu wa kumlisha mapema kwa sababu wenye nyumba wako kazini, ipo njia nyingine. Mlo mkubwa zaidi uwe ule wa asubuhi, mbwa anapoingia kulala, na jioni apewe kiasi kidogo tu, kisha banda lifunguliwe baadaye kidogo.

Kwa wale wanaokimbia na mbwa wao alfajiri, iwe ufukweni Dar es Salaam au katika msitu wa Karura jijini Nairobi, utaratibu ulio bora ni mazoezi kwanza, chakula baadaye. Mbwa mzima mwenye afya hadhuriki kwa kukimbia au kutembea saa 1 tumbo likiwa tupu. Anayedhurika ni yule aliyelishwa kwanza "apate nguvu" kisha akavutwa barabarani.

Kupunguza pupa

Nyumba nyingi hufuga mbwa wawili au watatu na kuwawekea chakula katika chombo kimoja. Hapo hakuna mbwa anayetafuna. Kila mmoja humeza apate kumuwahi mwenzake. Dawa yake ni kuwatenganisha wakati wa kula, kila mmoja na chombo chake, wasionane.

Kwa mbwa mwenye pupa hata akiwa peke yake, chakula kitandazwe kwenye sinia pana badala ya kurundikwa kwenye bakuli lenye kina. Wengine huweka jiwe kubwa safi katikati ya chombo ili mbwa alazimike kulizunguka. Jiwe hilo liwe kubwa kiasi kwamba haiwezekani kulimeza. Chombo kiwekwe chini sakafuni, si juu ya tofali wala kigoda.

Ugali uache kupoa kabla ya kumpa, na chakula kilichochacha kisitumike.

Maji na joto la pwani

Maji safi yanapaswa kuwepo siku nzima, kwani mbwa asiyenyimwa maji hana sababu ya kuyabugia yanapotokea. Tatizo huwa kwa mbwa aliyekimbia muda mrefu juani kisha akafikishwa kwenye ndoo. Apewe kidogo, apumzike, kisha aongezewe.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hupoza mwili wake hasa kwa kuhema. Katika miji yenye joto na unyevu kama Dar es Salaam, Mombasa na Tanga, kuhema huko hakutoshi wakati wa jua kali. Mazoezi yafanyike alfajiri au baada ya jua kuzama.

Dalili za kuangalia

Dalili inayopaswa kumshtua kila mfugaji ni mbwa kujaribu kutapika mara kwa mara bila kutoa kitu, isipokuwa povu au mate. Pamoja na hiyo, mbwa huwa hatulii: hulala, huinuka, huzunguka, hugeuka na kuutazama ubavu wake.

Mate humtiririka. Tumbo huvimba nyuma ya mbavu na kutoa sauti ya ngoma likigongwa kwa vidole, ingawa kwa mbwa mwenye kifua kirefu uvimbe unaweza kujificha ndani ya mbavu na usionekane mapema. Baadaye pumzi huwa za haraka, fizi hupauka, miguu hulegea na mbwa huanguka.

Mlinzi wa usiku ndiye mtu wa kwanza kuziona dalili hizi. Ni vema afundishwe, na apewe ruhusa ya kumwamsha mwenye nyumba saa yoyote bila hofu ya kukaripiwa.

Mambo ya kufanya na ya kuacha

Mbwa mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa mifugo wakati huo huo, iwe usiku wa manane au siku ya sikukuu. Kusubiri asubuhi ndiko kunakopoteza mbwa wengi. Apigiwe simu kwanza ili daktari aandae vifaa vya kutoa gesi, dripu na chumba cha upasuaji.

Huduma ya kwanza iliyozoeleka kwa mbwa anayedhaniwa kula sumu ni maziwa, mafuta ya kupikia, mayai mabichi au mkaa uliosagwa. Kwa mbwa ambaye mfuko wake umejipinda, vitu hivyo havina pa kupita. Huongeza mzigo, na vinaweza kuingia kwenye mapafu. Asinyweshwe kitu chochote, asikandwe tumbo, wala asichomwe sindano na mtu asiye na taaluma kwa nia ya kutoa hewa.

Kwa daktari, kazi ya kwanza ni kumwongezea maji mwilini na kupunguza gesi kwa mpira unaopitishwa mdomoni, au kwa sindano maalumu ubavuni. Picha ya eksirei huonyesha kama mfuko umejipinda. Ukiwa umejipinda, upasuaji hauepukiki: mfuko hurudishwa mahali pake na kushonewa kwenye ukuta wa ndani wa tumbo ili usizunguke tena. Bila kushonewa hivyo, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mkubwa.

Upasuaji wa kushona mfuko unaweza pia kufanywa kabla ya ugonjwa kutokea, kwa mfano siku mbwa anapohasiwa. Jeshi la Marekani huwafanyia hivyo mbwa wake wakubwa wa kazi. Mwenye mbwa wa aina iliyo hatarini anaweza kumwuliza daktari wake kama huduma hiyo inapatikana.

Changamoto ya miji mingi ni kwamba si kila kliniki ya wanyama hufunguliwa usiku, wala si kila duka la dawa za mifugo lina daktari wa upasuaji. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo Morogoro, mwendo wa saa kadhaa kutoka Dar es Salaam, nao ni muda ambao mbwa mgonjwa hana. Mfugaji anapaswa kujua leo, mbwa akiwa mzima, ni daktari gani aliye karibu anayeweza kupasua usiku, na namba yake iandikwe mahali ambapo hata mlinzi ataiona.

Kabla ya kumlaumu mtu

Mbwa akikutwa amekufa asubuhi, tumbo lililovimba peke yake halithibitishi chochote. Mzoga wowote huvimba baada ya muda, hasa katika joto, na sumu nyingine huleta povu na mate kama ugonjwa huu unavyofanya. Daktari wa mifugo anayeufungua mzoga mapema ndiye anayeweza kuona kama mfuko ulikuwa umejipinda, au kuchukua sampuli za kupimwa sumu.

Uchunguzi huo una gharama, lakini gharama yake ni ndogo kuliko kuvunja ujirani wa miaka mingi au kumfukuza mlinzi ambaye kosa lake lilikuwa kukesha na mbwa mgonjwa. Nao pia humsaidia mwenye nyumba kujua kama anapaswa kuimarisha ukuta wake au kubadili saa ya kupeleka sufuria bandani.

Badiliko hilo la pili halihitaji fedha. Ugali ni ule ule, dagaa ni wale wale, na anayewapika ni yule yule. Kinachobadilika ni kwamba nusu ya chakula hutolewa asubuhi, nusu nyingine alasiri, na mbwa huachwa ajinyooshe kivulini hadi giza liingie.